Kupiga filamu ya taharuki kwa mtindo wa dokumentari mitaani Dodoma

Filamu ya taharuki ya kisaikolojia inayojifanya dokumentari ina sharti moja: kamera haijui kitakachotokea. Mhusika akigeuka, kamera inamfuata kwa kuchelewa. Mlango ukigongwa, inakuwa inatazama kwingine. Mtazamaji akiona kamera imeshajipanga mahali sahihi kabla ya tukio, anajua pamepangwa, na hofu inamtoka.

Hatua ya 1: Tafuta hofu ya hapa

Wengi wanaiga vichochoro vya Kariakoo vilivyobanana. Dodoma haina hofu ya namna hiyo. Hofu ya hapa ni uwazi: barabara pana zisizo na mtu saa nne usiku, mapagala ya Iyumbu na Nzuguni, upepo, jirani usiyemfahamu kwa sababu nyote mmehamia. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, mtumishi mgeni anayeanza kushuku kwamba kuna mtu anamfuatilia ni mhusika asiyehitaji maelezo mengi. Soko la Majengo litumie kwa sini moja au mbili za kelele tu, ili utupu wa usiku uwe mzito zaidi.

Hatua ya 2: Skripti fupi, siri nyingi

Kwa filamu ya dakika 30, kurasa 12 hadi 15 zinatosha. Usiandike mazungumzo yote. Andika kila mtu anataka nini na anaficha nini, kisha mpe kila mwigizaji habari ambayo mwenzake hana. Mpangaji aambiwe kwamba mama mwenye nyumba huingia chumbani kwake akiwa kazini. Mama aambiwe mpangaji anadaiwa kodi ya miezi mitatu na anapanga kutoroka. Mpiga picha asiambiwe lolote.

Acha kamera itembee dakika nane hadi kumi bila kukata. Dakika tano za mwanzo kwa kawaida ni za kutupa, watu bado wanaigiza. Baada ya hapo wanachoka kujionyesha na wanaanza kusikilizana. Kuchelewa kwa kamera nako kunakuwa kwa kweli, maana mpiga picha anatafuta kama mtazamaji.

Hatua ya 3: Vibali, na neno "mwizi"

Kibali cha kupiga filamu kinatoka Bodi ya Filamu Tanzania. Ukiwa nacho, pita pia kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, wakusainie barua. Usielekeze lenzi kwenye majengo ya Serikali, Bunge au kambi bila ruhusa ya wenyewe. Droni ina kibali chake.

Jambo linaloweza kuua mtu ni sini ya kukimbizana. Mwigizaji akikimbia mtaani huku mwingine anamfuata, mtu mmoja tu akipiga kelele ya "mwizi!" inatosha, na wenye hasira hawaulizi skripti. Kabla ya sini hiyo wataarifu polisi, kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na wenye maduka wa pande zote mbili. Weka watu wawili wenye vizibao vya kung'aa nje ya fremu, wakimbie sambamba na mwigizaji. Panga na visu viwe vya mbao au mpira, na vibaki kwenye begi mpaka dakika ya kupiga.

Wapita njia wanaotazama kamera watapungua ukiisimamisha mahali hapo dakika 20 kabla, bila kurekodi. Watoto ndio hawachoki. Wape mtu wa kukaa nao.

Hatua ya 4: Kamera

Piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda kamera inapopokea mwanga kwa kila fremu) iwe sekunde 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo shata ya 1/60 chini ya taa za kibanda cha chipsi huleta mistari inayotembea kwenye picha, na kuiondoa baadaye ni mateso. Taa za bei nafuu za bajaji huweza kupepesa hata hivyo, kwa hiyo angalia kioo cha kamera kwanza.

Mchana, jua la Dodoma kwa ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na shata 1/50 linadai f/22, yaani tundu dogo la lenzi. Ukitaka f/4, tundu kubwa zaidi, unahitaji kichujio cha giza cha ND32, yaani stopu tano (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Wasio nacho hupandisha shata hadi 1/1600, na mwendo wa watu unakuwa wa kukatika-katika.

Tumia lenzi moja ya zumu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi na kuna upepo, na kubadilisha lenzi nje ni kualika vumbi kwenye sensa, sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha. Fokasi iwe ya mkono. Ya otomatiki huruka kwenye kila sura inayopita. Kamera nyepesi hutetemeka vibaya, basi iongezee uzito ufike kilo mbili au tatu, viwiko vibane mbavuni. Usiitikise kwa makusudi.

Hatua ya 5: Sauti ndiyo akili ya mhusika

Maiki ndogo ya kifuani inasikika vibaya chini ya kitenge kinachosuguana. Ibandike kwa tepu ya kitambaa pande zote mbili. Maiki ya nje lazima ivae manyoya ya kuzuia upepo. Rekodi kwa 48 kHz, biti 24, vilele vya sauti visipite -12 dB. Kila lokesheni, rekodi dakika moja ya ukimya wake. Muziki wa dukani uzimwe kwa makubaliano: unavuruga ukataji, na una mwenyewe.

Katika kuediti, anayeanza kuchanganyikiwa usimwekee ngoma za kutisha. Punguza sauti za mtaa taratibu kwa sekunde 30 hadi 40, ubakize moja tu, kwa mfano feni au bati linalogongwa na upepo. Kisha rudisha zote kwa mpigo mmoja.

Hatua ya 6: Kata kwa kuchelewa

Bakiza mahali kamera inapotafuta fokasi na kukosa, hasa kabla ya jambo zito. Rangi usiifanye ya kijivu, vumbi jekundu linatosha. Halafu waonyeshe watu watatu wasiojua hadithi, uwaulize ni wapi walianza kumshuku mhusika mwenyewe. Wakitaja sini ya pili, umefichua mapema. Rekebisha sauti ya sini hiyo kwanza kabla hujagusa picha. Mara nyingi ni mlio mmoja uliozidi.