Nzi wa maembe: kubadili chupa ya dawa si kubadili dawa

Dodo likianguka usiku, asubuhi lipasue kabla ya kulitupa. Kwenye ganda utakuta kitundu kama cha ncha ya sindano, pembeni kumefanya weusi, na ukikibonyeza kinatoa maji. Ndani nyama imegeuka rojo, funza weupe wanajinyonganyonga. Mweke mmoja aliyekomaa kiganjani: atajikunja mkia ukutane na kichwa, kisha ataruka. Kwa kuruka hivyo hufika kwenye udongo, akajichimbia sentimita chache na kuwa pupa, hatua ya kati ya funza na nzi. Mwezi haujaisha, ni nzi kamili, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai.

Nzi huyu mwenye mistari miwili ya njano mgongoni alionekana Kenya na Tanzania mwaka 2003. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, wakidhani ni spishi mpya. Baadaye walilinganisha vinasaba vyake na vya nzi wa Asia, wakawapandisha na kuona wanazaa bila shida. Mwaka 2015 jina lile likafutwa: ni Bactrocera dorsalis yuleyule anayewasumbua wakulima wa Asia miaka mingi.

Mkulima wa Misungwi au Sengerema hilo linamhusu nini? Linamhusu mfukoni. Nzi akiwa ni wa Asia, basi hata ubishi wake tunaweza kuusoma huko. Taiwan, kwa mfano, kuna nzi ambao hawafi tena kwa sumu za jamii ya organofosfeti, kwa sababu jeni ya kimeng'enya kinacholengwa na sumu hiyo imebadilika. Na waliopo Afrika vipimo vimeonyesha wana vinasaba mchanganyiko, si watoto wa jike mmoja aliyepotea njia. Penye mchanganyiko hapakosi wachache wanaohimili sumu. Ukipuliza dawa ileile kila wiki unawaua wadhaifu na kuwaachia wabishi shamba zima wazaliane wenyewe kwa wenyewe.

Wengi wakiona dawa imegoma hukimbilia duka la pembejeo kununua chupa ya rangi nyingine. Soma maandishi madogo: majina ya dukani yanaweza kuwa mawili, kiambato kikawa kimoja. Badilisha jamii yenyewe ya sumu. Na usiogeshe mti mzima. Chambo cha protini chenye sumu hupulizwa sehemu ndogo tu ya majani, penye kivuli, bila kugusa matunda. Jike anahitaji protini ili mayai yakomae, atakifuata mwenyewe.

Mtego wa methili eujenoli, kemikali yenye harufu inayovuta nzi dume, hunasa madume peke yao, kwa hiyo chupa iliyojaa nzi isikulaze usingizi. Jike aliyekwisha kupandwa anaendelea kutaga. Tena tabia ya dume kutoitikia harufu hiyo hurithiwa, kwa hiyo mtego peke yake nao unachagua wabishi.

Kwangu mimi kazi kubwa iko chini ya mti, maana hakuna jeni ya kuhimili kuokotwa. Okota kila lililoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, kuanzia lile la kwanza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania 2019, lakini mfuko wa mbolea wenye nailoni ndani, usiotoboka, unafaa: jaza, funga mdomo, acha juani siku kadhaa funza wafe. Ukiamua kufukia, chimba sentimita 60 kwenda chini. Shimo la taka lililo wazi ni kituo cha kulelea nzi. Mapera ya jirani nayo yaokotwe, pamoja na kungu za ule mti wa kivuli uani, kwa sababu nzi hujihifadhi humo maembe yakiisha. Sisimizi waitwao maji moto wakijenga viota mwembeni waache, hata kama watakuuma wakati wa kuchuma. Nzi hukwepa kutaga walipo.

Chuma embe likiwa limekomaa, kabla halijalainika mtini. Na anayepakia magunia Nansio kuja Mwanza achambue akiwa bado shambani, lenye kitundu libaki huko na kuingia kwenye mfuko wa mbolea. Likishafika sokoni Kirumba, funza wake watashukia kwenye udongo wa mtu mwingine.