Namna ya Kumpendekezea Msomaji Mpya Kazi za Octavia Butler

Unapotaka kumwingiza mtu katika kazi za Octavia Butler, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kisayansi aliyefariki mwaka 2006, usimpangie vitabu kwa kufuata miaka vilivyotoka, kwa kuwa utaratibu huo unaanza na Patternmaster ya 1976, riwaya ambayo kina chake huonekana zaidi kwa aliyekwisha kusoma Wild Seed, riwaya ya mfululizo huohuo iliyotoka miaka minne baadaye. Muulize kwanza hupenda kusoma nini, kisha mpe kazi moja tu.

Asiyezoea hadithi za kisayansi aanze na hadithi fupi ya "Speech Sounds", iliyoshinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, mwaka 1984. Maradhi yamewapokonya watu uwezo wa kusema au wa kusoma, na mwanamke aitwaye Rye yumo ndani ya basi jijini Los Angeles pale ugomvi unapozuka kati ya abiria wasioweza kuelezana lolote. Hapo ndipo msomaji anapouona ustadi mkubwa wa Butler, yaani kubadili jambo moja tu la dunia, kisha kulifuatilia bila huruma mpaka ndani ya mwili na moyo wa mtu.

Apendaye historia mpe Kindred ya mwaka 1979, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Dana, mwanamke Mweusi wa California, anavutwa tena na tena kutoka mwaka 1976 hadi Maryland ya enzi ya utumwa ili amwokoe Rufus, mtoto wa bwana mwenye watumwa, ambaye asipoishi ukoo wa Dana wenyewe hautakuwepo. Mtahadharishe kwamba safari hizo hazina mashine wala maelezo ya kitaalamu, maana anayeyangojea huenda akapitwa na swali lenyewe la riwaya, ambalo ni jinsi mtu huru anavyozoeshwa utumwa hatua kwa hatua.

Parable of the Sower, inayoanza mwaka 2024 katika California iliyosambaratika, ina ukatili mwingi, na ni haki msomaji aambiwe mapema. Kuhusu "Bloodchild", mwambie tu kwamba Butler aliiita hadithi ya mapenzi. Usimsimulie zaidi, kwa sababu mshtuko wake ni sehemu ya maana yake. Survivor ya 1978 usimpendekezee, kwani mwandishi mwenyewe alikataa isichapishwe tena.