Menin Gate: tafuta jina kabla hujafika

Ukienda Ypres, Ubelgiji, usifike Menin Gate bila kujiandaa. Kuta za lango hilo zina majina zaidi ya 54,000 ya askari waliopigana upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza na ambao makaburi yao hayajulikani. Yamepangwa kwa vikosi, kisha vyeo, ndipo alfabeti. Kumsaka mtu hapo kwa macho tu ni kujiumiza shingo! Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hutaja namba ya bamba la ukutani lenye jina la askari, iandike kabisa. Makumbusho ya In Flanders Fields, ya vita hiyo, mjini humo, yatembelee mchana, maana saa 2 kamili usiku, kila siku, tarumbeta hupigwa langoni kuwakumbuka askari hao. Wahi nafasi, na usipige makofi.