Somo: Kutengeneza klachi ya mafuta kwenye pikapu ya zamani kabla hujashusha gia boksi

Masika yakiwa yamekolea, nikiteremka na ndizi kutoka Kibosho kwenda soko la Mbuyuni, Hilux yangu ya mwaka 1994 iligoma gia. Pedali ya klachi ilizama mpaka kwenye kapeti na haikurudi, ikabidi niiinue kwa ncha ya kiatu. Fundi wa kwanza niliyempelekea alishusha gia boksi siku hiyohiyo, akafunga pleti mpya, presha pleti mpya (sahani inayoibana pleti) na beringi mpya. Siku ya tatu pedali ikazama vilevile. Kilichokuwa kimekufa ni raba moja ya klachi masta ya juu, raba inayoenea kwenye ncha ya kidole gumba.

Nimeandika somo hili ili mwenye pikapu asilipie tena kosa la namna hiyo. Klachi ya mafuta ina pande mbili. Upande wa mafuta uko nje, unafikika kwa spana za kawaida, na mtu makini anaumaliza nyumbani kwa nusu siku. Upande wa pleti umefichwa nyuma ya injini, na huko ndiko gia boksi inakoshushwa. Anza na ule wa nje kila mara.

Ukikanyaga pedali, rodi inasukuma pistoni ndani ya masta ya juu, ile iliyofungwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kabini. Pistoni ikishapita kitundu kidogo kinachotoka kwenye kikopo cha mafuta ya breki, mafuta hayana pa kurudi, yanasukumwa kwenye paipu hadi masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi. Masta ya chini inasukuma foku (mkono wa chuma ndani ya gia boksi), foku inasukuma beringi, pleti inaachia. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Ndiyo maana kiputo kidogo tu kinatosha kukunyima gia.

Kwanza sikiliza gari linasema nini. Kama injini inanguruma lakini gari halipandi mlima, hasa likiwa na mzigo, klachi inateleza, na mara nyingi hiyo ni pleti iliyokwisha. Kama gia zinalia au zinagoma kuingia injini ikiwaka, lakini ukizima zinaingia laini, klachi haiachii. Hapo ndipo penye somo letu.

Kipimo hiki ndicho kingeniokoa mimi. Egesha mahali tambarare, zima injini, gia huru, handbreki juu, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi. Pikapu nyingi za zamani ziko juu, unaingia chini bila jeki; kama ni lazima uinue, tumia stendi za chuma, usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake wala tofali la saruji, maana tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Mwambie mtu akanyage pedali taratibu hadi mwisho. Wewe tazama rodi ya masta ya chini, ukiweka alama ya chaki pale inapoanzia. Inatakiwa isogee zaidi ya sentimita moja. Ikisogea vizuri na gia bado zinagoma, kosa liko ndani: foku, beringi au pleti. Ikisogea kidogo, au ikisogea kisha ikarudi yenyewe huku pedali imekanyagwa, gia boksi yako haina kosa.

Sasa tafuta mvujo. Kunjua kiatu cha raba kinachozuia vumbi kwenye masta ya chini. Pakavu penye vumbi ni pazuri. Pakiwa na unyevu mweusi unaoteleza, raba za ndani zimekwisha. Kisha ingia kabini na tochi, uangalie juu ya pedali pale rodi inapoingia ukutani. Rangi iliyobabuka kwenye chuma na kapeti lenye unyevu ni ushahidi tosha dhidi ya masta ya juu, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi.

Nenda dukani na vipuri vya zamani mkononi. Ubavuni mwa masta nyingi pameandikwa kipimo cha tundu, kwa mfano 5/8 au 13/16, ambacho ni inchi. Usikubali ya kukaribiana. Nunua kiti cha raba (seti ya raba za kubadilisha) cha juu na cha chini kwa pamoja hata kama moja tu ndiyo inavuja, kwa sababu zimeishi umri mmoja kwenye mafuta yaleyale. Nikibadilisha ya juu peke yake, presha mpya huimaliza ya chini ndani ya wiki chache. Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4 kutoka kwenye chupa ambayo haijawahi kufunguliwa, kwani mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. Ongeza mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, chupa tupu ya maji, koleo la saklipu (pete ya chuma inayozuia pistoni isitoke), na spana namba 10 na 12 kwa Toyota nyingi. Nati ya paipu ifungue kwa spana ya paipu, ile ya pete yenye mwanya. Spana ya mdomo wazi huila pembe zake, na nati ikishaliwa unaingia gharama ya paipu zima.

Nyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo kwa bomba la sindano. Funika rangi ya gari kwa matambara mabichi, na tone likidondoka limwagie maji mengi palepale. Ndani ya kabini toa pini inayoshika rodi kwenye pedali, nje fungua paipu na nati mbili, masta ya juu inatoka. Ya chini ina bolti mbili na mpira wake.

Sukuma pistoni ndani kidogo, toa saklipu, pistoni itatoka na springi. Hapa panga kila kitu juu ya gazeti kwa mfuatano kilivyotoka na upige picha kwa simu. Safisha kwa mafuta ya breki mapya au spiriti. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yasiguse raba hata kidogo. Raba hizi zimetengenezwa kuishi na mafuta ya breki. Zikiguswa na mafuta ya petroli huvimba, raba iliyovimba huziba kile kitundu cha kurudishia mafuta, presha inabaki ndani, na klachi nzima inaanza kuteleza. Hapo utashushiwa gia boksi kwa kosa la kopo la kuoshea.

Elekeza tundu la masta kwenye jua na utazame ndani. Ukuta mzuri unang'aa kama kioo. Pitisha ukucha taratibu. Ukikwama kwenye kishimo cha kutu, au kwenye mfereji, usidanganywe na raba mpya, itachanika. Nunua masta nzima. Madoa mepesi kwenye masta ya chuma yanaondoka kwa msasa laini namba 1000 uliolowa mafuta ya breki, ukizungusha kwa mduara. Masta ya aluminiamu usiipige msasa, ina ngozi nyembamba ya kujikinga na ukiitoa umeimaliza.

Vaa raba mpya kwa vidole, si kwa bisibisi, zikiwa zimelowa mafuta ya breki. Mdomo mpana wa kikombe cha raba unatazama kule mafuta yanakosukumwa. Ukigeuza, pedali itakuwa laini kama mto na hutajua kwa nini. Rudisha pistoni, springi na saklipu, hakikisha saklipu imekaa ndani ya mfereji wake pande zote.

Kabla ya kufunga masta ya juu kwenye gari, ibane mezani, jaza kikopo, sukuma pistoni polepole, kisha ziba tundu la kutokea kwa kidole wakati unaiachia irudi, urudie mpaka viputo viishe. Dakika tano hizi zinakuokolea saa nzima ya kutoa upepo.

Kutoa upepo kunataka watu wawili wanaosikilizana. Mpira mmoja kwenye nati ya upepo ya masta ya chini, ncha ya pili imezama kwenye mafuta ndani ya chupa. Wa juu anasema "nimekanyaga" na anashikilia; wa chini anafungua robo mzunguko, mafuta yanatoka na viputo, anafunga, ndipo anasema "achia". Akiachia kabla hujafunga, umevuta upepo upya. Kila baada ya mara nne au tano jaza kikopo, kwa maana kikikauka mnaanza mwanzo. Mafuta ya zamani hutoka meusi kama kahawa. Endeleeni mpaka yatoke safi bila kiputo hata kimoja.

Mwisho pima mchezo wa pedali kwa kidole. Iwe na nafasi ndogo kabla rodi haijaanza kusukuma pistoni, kwa Toyota nyingi za zamani milimita 1 hadi 5 ukipimia juu ya pedali. Kurekebisha unazungusha rodi baada ya kulegeza nati yake.

Maswali ya wasomaji na majibu yangu

Shikamoo fundi. Nimebadilisha zote mbili, nimetoa upepo mara tatu, lakini klachi inashika chini kabisa sakafuni. Niko Usa River, Land Rover ya zamani.

Marahaba dada. Tazama nati ya upepo ilivyokaa. Kama masta ya chini imefungwa nati ikitazama chini, upepo unabaki juu na hautatoka hata ukikanyaga mpaka kesho. Ifungue bila kutoa paipu, ishike kwa mkono nati ikiwa juu, sukuma pistoni ndani kabisa kwa kidole gumba na uifunge kwa kamba isitoke, ndipo utoe upepo. Ikishindikana, jaza bomba kubwa la sindano mafuta mapya, unganisha mpira kwenye nati na usukume kutoka chini kwenda juu. Upepo unapenda kupanda, mpe njia. Mwambie mtu atazame kikopo kisifurike kwenye rangi. Bado ikikataa, shika mpira wa paipu unaocheza wakati pedali inakanyagwa. Ukiuhisi unavimba mkononi, umechoka, badilisha.

Pedali ngumu asubuhi, nikisubiri kwenye foleni inazama taratibu, na sioni mvujo popote. Mimi mzee wa Machame.

Shikamoo meku. Raba ya ndani ya masta ya juu inapitisha. Mafuta hayamwagiki nje, yanarudi kikopo kwa njia ya ndani, ndiyo maana kipimo chake hakipungui. Utahitaji kiti cha juu na ukaguzi wa ukuta wa tundu.

Kuna fundi ananiwekea mafuta ya gia boksi ya otomatiki, anasema ni haidroliki vilevile. Ni sawa?

Hapana, mangi. Hayo ni ya jamii ya petroli, yatavimbisha kila raba mpaka kwenye paipu. Kama yameshaingia, kumwaga peke yake hakutoshi: osha paipu kwa spiriti, ubadilishe raba zote na mpira. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika bila shida. DOT 5 ya silikoni iache kabisa.

Nimefunga masta mpya na sasa klachi inateleza, kabla haikuteleza.

Rodi ni ndefu mno. Pistoni hairudi mpaka mwisho, kitundu hakifunguki. Ifupishe mpaka upate mchezo.

Klachi ikikata njiani kati ya Arusha na Moshi, naweza kufika nyumbani bila kuita gari la kuvuta?

Kwenye pikapu ya zamani inawezekana, kaka, lakini kwa barabara ile yenye malori, fanya usiku ukiwa umetulia au alfajiri kabla ya foleni, na usiwe na mzigo. Zima injini, ingiza gia ya kwanza, hakikisha mbele hakuna mtu, piga stata. Gari litaondoka lenyewe. Kupandisha gia, achia pedali ya mafuta kidogo, toa gia, subiri mlio wa injini ushuke, kisha sukuma kijiti cha gia kwa upole kwenye ya pili. Itaingia mizunguko ikilingana. Usilazimishe. Ukilazimika kusimama, zima injini kabla gari halijasimama kabisa na uanze upya kwa stata. Sehemu za vituo vya mabasi na matuta ya Tengeru na Boma Ng'ombe zipe nafasi kubwa mbele yako. Kama kikopo kimekauka na una chupa ya mafuta ya breki, jaza kwanza na upampu pedali mara kumi. Mara nyingi inakupa klachi mbili tatu za kukufikisha.