Kugombea uenyekiti wa mtaa Dar es Salaam: mwongozo kwa mwenye msimamo wa kihafidhina

Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano, na wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Kampeni zake zilianza tarehe 20 na kufungwa tarehe 26, yaani siku saba tu, na hakuna mtu asiyejulikana mtaani anayeweza kujulikana, kupimwa na kuaminiwa ndani ya siku saba. Anayetaka kugombea mwaka 2029 anapaswa kuanza kazi sasa, na zaidi ya wote anapaswa kuanza sasa yule mwenye msimamo wa kihafidhina, kwa sababu anachokuja kukiuza ni uaminifu na utunzaji, mambo ambayo hayaonekani jukwaani bali huonekana kwa mwenendo wa miaka.

Ninaposema mhafidhina nina maana ya mtu anayeamini kwamba familia, nyumba za ibada na ujirani ndizo zinazoushika mtaa kabla ya serikali kufika, kwamba fedha ya umma ishikwe kwa hofu ileile ya kushika mali ya yatima, na kwamba utaratibu uliowahudumia watu usivunjwe mpaka ule mpya uthibitike kuwa bora. Hapa Tanzania hakuna chama kikubwa kinachojitangaza kwa wapiga kura kwa jina hilo. CCM kwa katiba yake ni chama cha Ujamaa na Kujitegemea, na CHADEMA, kilichoasisiwa mwaka 1992 chini ya Edwin Mtei aliyepata kuwa Gavana wa Benki Kuu, kimekuwa mwanachama wa muungano wa kimataifa wa vyama vya mrengo wa kulia, lakini ni wakazi wachache mno wa Mbagala au Manzese wanaolijua hilo au kulijali. Kwa hiyo usitembee na neno uhafidhina mdomoni. Tembea na mambo yenyewe.

Usiige pia kila unachosoma kuhusu Marekani. Huko wahafidhina wengi wa ngazi ya chini, hasa baada ya vuguvugu la Tea Party la mwaka 2009, waliingia katika siasa kupitia bodi za shule na mabaraza ya miji, na sehemu nyingi za huko chaguzi hizo hazitaji chama cha mgombea kwenye karatasi ya kura. Kwetu mgombea lazima adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki, lakini sharti la chama limebaki palepale, na mwongozo wowote unaolikwepa jambo hilo unampotosha msomaji.

Kabla ya yote, ifahamu ofisi unayoitaka. Mtaa umewekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Mwenyekiti huongoza kamati ya mtaa na mkutano wa wakazi, huuwakilisha mtaa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na halipwi mshahara. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, naye ndiye mtunza kumbukumbu. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri, iwe ya Jiji la Dar es Salaam (zamani Manispaa ya Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, si na mtaa. Barabara za ndani ziko kwa TARURA, maji yako kwa DAWASA, umeme uko kwa TANESCO. Mgombea anayeahidi lami amekwisha kudanganya kabla ya kuchaguliwa. Yaliyo mikononi mwa mtaa kweli ni barua za utambulisho, ulinzi shirikishi, uzoaji wa taka, usuluhishi wa majirani, pamoja na kuvitambua vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Mambo hayo yanaonekana madogo, na ndiyo maana wanasiasa wengi huyapuuza. Kwa mhafidhina, hata hivyo, hapo ndipo penye uwanja wake. Mkazi anayekwenda kuomba barua ya kufungulia akaunti ya benki au ya kumdhamini nduguye polisi, akatakiwa kutoa fedha isiyo na stakabadhi, amekutana na serikali kwa namna inayomuuma kuliko hotuba yoyote ya bajeti. Vivyo hivyo kwa mama anayelipa mchango wa ulinzi kila mwezi huku akiibiwa sufuria uani. Anza na fedha hizo ndogo.

Njia ya kuanza ni mkutano wa mtaa. Hudhuria kila unapoitishwa, fika mapema, na keti mbele. Usiende na maswali kumi, nenda na moja, lililoandikwa kwenye karatasi, na ulisome kwa adabu: «Shikamoo Mwenyekiti, shikamooni wazee. Naomba tusomewe makusanyo ya ulinzi shirikishi ya miezi mitatu iliyopita, idadi ya kaya zilizolipa, na kiasi walicholipwa vijana wa ulinzi.» Kisha keti. Ukijibiwa, andika jibu mbele ya watu. Usipojibiwa, shukuru, na uliulize swali hilohilo mkutano unaofuata kwa maneno yaleyale. Wakazi wanaweza wasikumbuke hoja yako, lakini watakumbuka kwamba kuna mtu anayeuliza habari ya fedha bila matusi, na mtendaji naye, ambaye mara nyingi amelemewa na kazi na si mwizi hata kidogo, ataanza kuja na hesabu mkononi kwa kuwa anajua zitaulizwa.

Majibu hayo yaandike ili yawafikie wasiohudhuria. Karatasi moja ikibandikwa, kwa ruhusa, kwenye mbao za matangazo za duka na za ofisi ya mtaa, na maneno yaleyale yakitumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, yanatosha. Taja kiasi, tarehe, na cheo cha aliyetoa taarifa, na uishie hapo. Usiandike kwamba fulani amekula fedha, hata kama mtaa mzima unanong'ona. Andika kwamba kiasi fulani kilikusanywa na matumizi yake hayakusomwa. Tofauti ya sentensi hizo mbili si ya lugha tu, kwa maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo mtandaoni. Na ukitaka kwenda mbali zaidi, ukafungua ukurasa wa kutoa habari kwa umma, zisome kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ambazo tangu mwaka 2018 zimeleta masharti ya leseni.

Upande wa maadili unahitaji busara zaidi, kwa sababu hapo ndipo wagombea wa mwelekeo huu hujiharibia. Mtaa wa Dar es Salaam una Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, una mwenye baa na mzee wa kanisa wanaochota maji bomba moja, na mgombea anayehubiri hugeuka haraka kuwa mgombea wa upande mmoja. Chagua mambo ambayo Sheikh na Padri wangeyatia saini pamoja: watoto wanaokutwa kwenye vibanda umiza saa za masomo, mashine za kamari zilizowekwa dukani ambako mtoto anaweza kuchezea fedha aliyotumwa mkate ilhali sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na muziki wa vigodoro unaokesha karibu na nyumba yenye mgonjwa. Kwa kila jambo, anza na mhusika mwenyewe kabla ya kwenda kwa mamlaka. Mwenye baa akifuatwa mchana na wazee watatu, akaombwa apunguze sauti ifikapo saa nne usiku, mara nyingi hupunguza. Akipelekewa NEMC, baraza la mazingira, au polisi siku ya kwanza, huwa adui wa kudumu mwenye wateja wengi wanaopiga kura. Usiombe kura msikitini wala kanisani. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 haikubali chama kinachoegemea dini, na hata pasingekuwa na sheria, waumini hawapendi ibada yao igeuzwe jukwaa.

Kuna kazi moja ambayo haina cheo na ambayo naiona kuwa mafunzo bora ya uongozi wa mtaa kuliko semina yoyote, nayo ni kushika daftari la rambirambi msibani. Anayeaminiwa kukaa chini ya turubai, kupokea fedha, kuandika jina na kiasi, na kumkabidhi mfiwa hesabu iliyotimia, ameonwa na mtaa mzima akifanya kile ambacho mwenyekiti hutakiwa kufanya. Kamati ya shule ya msingi ni kazi nyingine ya namna hiyo, hasa tangu mwaka 2016 elimu ilipoanza kutolewa bila ada na michango ya wazazi ikawa jambo la kuangaliwa kwa makini. Ziombe kazi hizo. Msibani, hata hivyo, usitaje uchaguzi kabisa.

Sasa chama. Jiunge mapema, lipa ada yako, hudhuria vikao vya tawi, na ujulikane kwa wajumbe wa mashina, kwani ndio wanaozijua nyumba. Matokeo ya mwaka 2024 yaliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini, na vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Maana yake kivitendo ni mbili: ndani ya CCM shindano zito ni kura za maoni, yaani mchujo wa chama wa kumpata mgombea wake, na nje ya CCM shindano zito ni kuhakikisha jina lako linabaki mpaka siku ya kupiga kura. Sikushauri uchague chama kwa hesabu hiyo peke yake, maana mtu anayejiita mlinzi wa misingi na kisha akavaa sare asiyoiamini ataumbuka mapema.

Katika kura za maoni utakutana na bahasha. Baada ya mchujo wa CCM wa mwaka 2020 nchi nzima ilicheka kwa msemo kwamba wajumbe si watu wazuri, lakini chini ya kicheko hicho palikuwa na wagombea waliotumia fedha wakaambulia kura chache. Sheria iliwahi hata kuiruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kuanzia mwaka 2000 mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba inakiuka Katiba, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ambayo TAKUKURU huitumia mpaka leo. Mgombea wa hesabu safi hawezi kununua khanga na kapelo kwa ajili ya wajumbe kisha akauliza habari ya fedha ya taka. Akiulizwa atatoa nini, ajibu kwa upole kwamba atatoa hesabu, na avumilie kupoteza kura hizo.

Fomu ndizo zinazohitaji umakini usio na mzaha. Masharti makuu ni uraia wa Tanzania, umri wa miaka 21 au zaidi, ukaazi wa kawaida katika mtaa husika, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, kuwa na kipato halali, na kudhaminiwa na chama. Mwaka 2019 vyama kadhaa vilijitoa katika uchaguzi vikidai kwamba wagombea wao walienguliwa kwa dosari ndogo za ujazaji. Kwa hiyo andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Taja kazi unayoweza kuithibitisha. Usiache nafasi tupu. Toa nakala ya kila ukurasa. Na urudishe fomu siku za mwanzo, ukiwa na shahidi na ukidai uthibitisho wa maandishi. Ukiwekewa pingamizi na likakubaliwa, kata rufaa kwa kamati ya rufani ndani ya muda uliotajwa na kanuni za mwaka huo, ambao huwa mfupi sana.

Jambo linalosahaulika zaidi ni orodha ya wapiga kura. Ya serikali za mitaa ni tofauti na Daftari la Kudumu, na mwaka 2024 uandikishaji wake ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba pekee. Wapangaji, ambao katika mitaa mingi ya jiji hili ni wengi kuliko wenye nyumba, hudhani kadi ya mpiga kura inatosha, kisha siku ya kura hurudishwa nyumbani. Pita chumba kwa chumba wiki hiyo ukiwakumbusha kujiandikisha bila kuwauliza watampigia nani.

Zikifika siku saba za kampeni, gawanya mtaa vipande saba na utembee kwa miguu baada ya swala ya alasiri, watu wanaporudi makwao. Vikundi vya vikoba, kijiwe cha kahawa na kituo cha bodaboda kila kimoja kinastahili dakika kumi, si zaidi. Sema mambo matatu unayoweza kuyafanya ukiwa na muhuri na bila bajeti: barua itolewe siku hiyohiyo bila malipo yasiyo na stakabadhi, mapato na matumizi yabandikwe kila mwezi, na kila mchango mpya upitishwe kwanza na mkutano wa wakazi. Siku ya kura weka wakala anayesoma na kuandika vizuri, mpe chakula na maji ili asiondoke, na mwagize asisaini matokeo asiyoyashuhudia yakihesabiwa.

Ukishinda, usiingie ofisini mpaka makabidhiano yaandikwe: muhuri, madaftari, idadi ya viti, madeni kwa mzoa taka, na salio la kila mchango, vyote vikisainiwa na anayetoka, anayeingia na mtendaji, kisha visomwe katika mkutano wa kwanza wa wakazi. Ukishindwa, hudhuria mkutano huohuo na uombe vitu hivyohivyo visomwe.