Jinsi ya Kufundisha Kuanguka kwa Dola ya Wainka, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia anayetaka kueleza jinsi Wahispania walivyoitwaa dola ya Wainka, iliyotawala milima ya Andes huko Amerika Kusini, bila kuishia kwenye kile kisa cha watu 168 waliomteka mtawala wa mamilioni ya watu katika alasiri moja. Kisa chenyewe ni cha kweli, lakini kikiachwa peke yake wanafunzi huondoka darasani wakiamini kwamba farasi na bunduki vilimaliza kila kitu.

Hatua ya kwanza: chora mstari wa wakati wa miaka 40

Mwanzoni andika 1532, mwaka ambao Francisco Pizarro, kiongozi wa kikosi hicho cha Wahispania, alimkamata Atahualpa, mtawala wa Wainka, mjini Cajamarca. Mwishoni andika 1572, mwaka ambao Túpac Amaru, mtawala wa mwisho wa Wainka waliokuwa wamejitenga Vilcabamba, alikatwa kichwa mjini Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka, kwa amri ya Francisco de Toledo, makamu wa mfalme wa Hispania nchini Peru. Katikati onyesha kwamba Manco Inca, aliyetawazwa na Wahispania wenyewe wakitarajia awe kibaraka wao, aliwageuka na kuuzingira mji wa Cusco mwaka 1536, na kwamba Pizarro aliuawa mwaka 1541 na Wahispania wenzake. Hapa usikae sana.

Hatua ya pili: rudi nyuma, kabla Pizarro hajafika

Huayna Capac, mtawala wa Wainka na baba yake Atahualpa, alifariki katika miaka ya 1520, pengine kwa ndui, maradhi yaliyoletwa Amerika na Wazungu na ambayo yaelekea yalifika milimani kabla yao. Wanawe wawili, Huáscar wa Cusco na Atahualpa aliyekuwa na jeshi la kaskazini, walipigana vita vikali vya kugombea kiti, na majemadari wa Atahualpa walikuwa ndio kwanza wameshinda wakati Pizarro anapanda milima. Mwanafunzi akilielewa hili, hatashangaa kusikia kwamba wengi wa upande wa Huáscar walimpokea Pizarro kama mtu aliyewaondolea adui.

Hatua ya tatu: weka mashahidi wawili mezani

Hii ndiyo hatua inayostahili kipindi kizima. Chukua maelezo ya Francisco de Xerez, karani wa Pizarro aliyekuwepo Cajamarca, ambayo yalichapishwa Sevilla mwaka 1534, uyaweke kando ya maelezo ya Titu Cusi Yupanqui, mtoto wa Manco Inca, ambaye hakuwepo lakini aliyasimulia yaandikwe Vilcabamba mwaka 1570 ili yapelekwe kwa mfalme wa Hispania.

Xerez anasema kwamba padri Vicente de Valverde alimkabidhi Atahualpa kitabu kilichofungwa. Atahualpa hakujua namna ya kukifungua, padri akanyoosha mkono amsaidie, naye akampiga mkononi kwa dharau, akakifungua mwenyewe kisha akakitupa. Titu Cusi anaanzia mbali zaidi: Atahualpa aliwakaribisha Wahispania kwa bia ya mahindi katika kikombe cha dhahabu, Mhispania akaipokea na kuimwaga chini, na kwa sababu hiyo Atahualpa naye alipoonyeshwa maandishi yao aliyatupa.

Usiwaulize wanafunzi nani anasema uongo, kwa maana swali hilo huua mjadala. Waulize kila mmoja alikuwa anamwandikia nani na alitaka nini. Xerez alihitaji kuhalalisha mauaji ambayo Wahispania waliyafanya mara baada ya hapo katika uwanja wa Cajamarca. Titu Cusi alikuwa katika mazungumzo na utawala wa Hispania, na alitaka ukoo wa baba yake utambuliwe kuwa ndio wenye haki ya kutawala.

Hatua ya nne: uliza nani hasa alipigana

Mwaka 1561 machifu wa Wahuanca, watu wa bonde la Mantaro, walifika mbele ya mahakama kuu ya Lima na orodha ya mahindi, llama (wanyama wa kubebea mizigo wa Andes), wapagazi na vitu vingine walivyowapa Wahispania tangu 1533, orodha iliyohifadhiwa katika quipu, yaani kamba za mafundo zilizotumika kuweka hesabu. Walikuwa wanadai malipo. Kwao Wainka walikuwa watawala wageni, na kusaidia kuwaondoa ilikuwa siasa ya kawaida. Mimi hupenda ushahidi huu kuliko mwingine wote, kwa sababu ni hesabu za upande ambao vitabu vingi vya shule havikuutaja kabisa.

Hatua ya tano: eleza kilichofuata kupitia kazi, si kupitia vita

Madini ya fedha yaligunduliwa Potosí, katika Bolivia ya leo, mwaka 1545. Katika miaka ya 1570 Toledo aliuchukua utaratibu wa Wainka wa kufanya kazi ya dola kwa zamu, ulioitwa mita, akaugeuza kuwa wa kupeleka migodini takriban mwanamume mmoja katika kila saba kutoka wilaya zilizopangiwa. Zebaki ya kusafishia fedha ilitoka Huancavelica, ambako nako watu walipelekwa kwa zamu, na mvuke wake uliwaua wengi. Mwaka 1780 José Gabriel Condorcanqui, chifu wa kienyeji, alijiita Túpac Amaru kwa jina la yule aliyeuawa 1572 na kuongoza uasi, na kukomeshwa kwa mita kulikuwa miongoni mwa madai yake. Aliuawa Cusco mwaka uliofuata, na mita ikadumu hadi 1812.

Kwa zoezi la kuandika, mpe mwanafunzi swali moja tu: kwa nini dola ya Wainka ilianguka? Unaposahihisha, punguza alama za kila jibu linalosema "Wainka walishindwa" bila kutaja ni Wainka wa upande gani, na mwaka gani.