Muundi wa ng'ombe: chemsha mara moja, kula siku mbili

Ukiingia buchani na hela ya mawazo, steki utaitazama tu. Omba muundi. Ni nyama ya mguu, ile inayoshuka kuelekea kwato, imezunguka mfupa mnene wenye uboho na imejaa kano nyeupe. Wengi huikimbia kwa sababu ya hizo kano, ndiyo maana bei yake huwa chini. Mimi napika supu ya biashara, na hata nyumbani sina nyama ninayoiamini kuliko hii, mradi nisiharakishwe.

Kiasi nitakachotumia hapa ni kilo 2 pamoja na mfupa, kwa familia ya watu 5 au 6. Tutachemsha siku ya kwanza tu. Humo tutapata supu ya asubuhi, mtori, na mchuzi wa nazi wa kesho.

Hatua ya 1: Buchani

Mwambie muuzaji akukatie vipande vikubwa, kama ngumi ya mtoto. Akianza kukatakata vidogo vya mchuzi, mzuie; vipande vidogo vinakauka kabla kano hazijalainika. Kama anatumia shoka na gogo badala ya msumeno, ukifika nyumbani pitisha kidole kila upande wa mfupa. Vipo vibanzi vidogo vya mfupa vinavyojificha kwenye nyama, na mtoto akiuma kimoja chakula kinaishia hapo.

Muundi ukiwa umekwisha, chukua shingo. Mapishi ni yaleyale, ila supu yake haitakuwa nzito kama hii.

Hatua ya 2: Kuchemsha

Hapa ndipo kazi yote ilipo, soma taratibu.

Suuza nyama, weka kwenye sufuria kubwa, mimina maji ya baridi hadi yaipite nyama kwa vidole vinne. Washa moto. Yakikaribia kuchemka litapanda povu la kijivu. Liengue kwa upawa mpaka liishe. Kisha tia kitunguu maji kimoja kizima kilichomenywa, punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa ukubwa wa kidole gumba, na pilipili manga nzima kijiko kimoja cha chai. Chumvi tia kijiko kimoja cha chai tu kwa sasa. Utasikia watu wakisema chumvi ya mapema inaifanya nyama iwe ngumu. Si kweli. Tatizo ni kwamba supu inapungua jikoni, na chumvi iliyokuwa sawa saa ya kwanza inakuwa kali saa ya tatu.

Sasa punguza moto. Kwenye jiko la mkaa, funga mlango wa jiko na ufunike mkaa kwa jivu kiasi. Unataka viputo vinavyopanda kimojakimoja, si maji yanayotokota kwa fujo. Moto mkali unakamua maji yote ya nyama, na mafuta yanachanganyika na supu mpaka inakuwa na rangi ya maji ya mtaroni.

Baada ya kama saa moja, ukionja utakuta nyama imesinyaa na imekuwa ngumu kuliko ilipoingia. Hapo ndipo wapishi wengi hukata tamaa, wanaipakua, halafu wanamlaumu muuza nyama kwamba amewapa ng'ombe mzee. Hiyo nyama haina kosa, haijaiva tu. Kano ni kolajeni, yaani protini ngumu inayoshikilia nyama, na kolajeni haiyeyuki mpaka ikae kwenye joto lenye maji kwa muda mrefu. Ikiyeyuka inakuwa jelatini, ndiyo ule ute unaofanya midomo inate ukinywa supu nzuri. Funika, endelea. Kwa sufuria ya kawaida hesabu saa 2 na nusu hadi 3. Kwa sufuria ya presha, dakika 45 tangu ianze kupiga mluzi zinatosha, ila usiijaze kupita theluthi mbili.

Maji yakipungua, ongeza ya moto. Imeiva pale kano zinapokuwa angavu na zinatikisika, na uma unaingia bila kulazimishwa.

Na papai bichi? Liache kwa ajili ya mishkaki. Kwenye muundi linaifanya nyama ya nje iwe tope huku kano za ndani ziko vilevile.

Hatua ya 3: Kugawa

Toa nyama. Gonga mifupa uboho utoke, uurudishe kwenye supu. Anayeupenda mwachie aufyonze mwenyewe. Gawa nyama mafungu matatu, na supu vivyo hivyo. Fungu la kesho lipoe upesi kwenye chombo kipana, kisha liingie kwenye friji. Lisikae mezani zaidi ya muda wa saa 2. Asubuhi utakuta supu imeganda na inatetemeka. Kama haikuganda, ulitia maji mengi. Mafuta yaliyoganda juu yakwangue uyaweke, yatakaanga vitunguu.

Supu ya leo haihitaji maelezo: chumvi, ndimu, pilipili mbuzi pembeni, chapati. Inywe ya moto kabisa, kwa sababu mafuta ya ng'ombe huganda mdomoni mara tu supu inapopoa.

Hatua ya 4: Mtori

Mtori ni chakula cha Wachaga, na huko Kilimanjaro mzazi hupewa ili apate nguvu na maziwa. Lakini si lazima uwe umejifungua ndipo ule.

Chukua ndizi mbichi 10 hadi 12. Mshare ndizo zenyewe. Ukizikosa, ndizi za Bukoba zinafaa. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakaa kwenye vidole siku nzima. Kila unayoimenya itumbukize kwenye maji isibadilike rangi.

Kata ndizi vipande, tia kwenye supu kama lita 1 na nusu pamoja na kitunguu kilichokatwa. Chemsha dakika 25 hadi 30, mpaka ndizi ivunjike kwa kuguswa na mwiko. Wapo wanaotia nyanya. Mimi sitii, kwa sababu uchachu wake unachelewesha ndizi kulainika na unafunika ladha ya nyama. Ponda humohumo sufuriani kwa mwiko, ukiongeza supu kidogokidogo. Uzito wake uwe wa uji, usiwe wa ugali, maana ukipoa unazidi kukaza. Blenda inarahisisha, ila mtori wake unakuwa laini mno na hauna cha kutafuna.

Nyama ichambue kwa vidole iwe nyuzinyuzi, ichanganye. Malizia na maziwa nusu kikombe au kijiko cha samli, onja chumvi, epua.

Hatua ya 5: Mchuzi wa nazi wa kesho

Kaanga vitunguu viwili kwa yale mafuta uliyoyakwangua, mpaka viwe vya kahawia. Tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha manjano nusu kijiko cha chai na binzari nyembamba iliyosagwa kijiko kimoja. Zikitoa harufu, weka nyanya tatu zilizokatwa, ziache ziive hadi mafuta yajitenge. Hapo ndipo nyama inaingia na supu vikombe viwili, halafu tui jepesi. Ikichemka dakika 15, mimina tui zito, koroga bila kuacha na usifunike, lisije likakatika. Likianza tu kuchemka, epua, kamulia ndimu.

Nyama hii imeshaiva jana, kwa hiyo mchuzi ni wa nusu saa. Ukirudi kazini jioni utanielewa.

Asiyependa nazi apike pilau: kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya supu badala ya maji. Punguza chumvi, supu tayari inayo.

Mifupa usiitupe bado. Ichemshe tena na maji mapya kwa saa moja. Hayatakuwa supu ya kumpa mgeni, lakini maharage yakipikiwa humo yanapata ladha ya nyama, na nyanya na chumvi utavitia maharage yakishalainika.